Panya Hufuata Chakula: Somo la Kulinda Banda la Kuku



Somo la mwezi huu ni juu ya panya katika banda la kuku. Wakati wa kujifunza jambo hili ni sasa. Mahindi yanavunwa, mabua yamekatwa, na mashamba yamebaki wazi. Panya aliyekuwa akiishi katikati ya mahindi hana tena maficho wala chakula huko. Atakwenda wapi? Atakuja nyumbani kwako. Na mara nyingi mahali pa kwanza atakapopata riziki ni banda la kuku.

Tuchukue mfano mmoja. Tuseme yuko mama katika mashamba ya makazi ya Lugari. Mwaka 1962 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kununua ekari milioni moja za mashamba ya walowezi na kuwagawia wakulima wadogo, na baba mkwe wake alikuwa mmoja wa waliopata. Shamba lilikuwa kubwa siku hizo. Leo limegawanywa kwa wana na wajukuu, na sehemu ya mama huyu ni ekari mbili. Hana malisho ya ng'ombe wa pili. Lakini kuku 30 anaweza kuwafuga vizuri, na mayai ya kuku hao ndiyo chumvi, sabuni, na sehemu ya karo ya watoto.

Asubuhi moja mama anafungua banda. Jioni aliacha vifaranga 12. Sasa wamebaki watano. Wawili wamelala chini wameumwa shingoni, na wengine hawaonekani kabisa. Anakwenda dukani, ananunua sumu, anaitega. Baada ya siku chache anaokota panya watatu waliokufa, na moyo wake unatulia. Miezi miwili haijapita, panya wamerudi wengi kama mwanzo.

Kwa nini? Jibu ndilo somo letu lote: sumu iliua panya watatu, lakini haikuondoa kilichowaleta. Panya hafuati kuku. Panya hufuata chakula, maji na maficho. Ukimwachia vitu hivyo vitatu, kila panya utakayemwua, mwingine atakuja kukaa mahali pake.

JE, MWIZI NI PANYA KWELI?

Kabla ya kupigana na adui, mjue kwanza. Wanyama wengi huiba katika banda la kuku, na kila mmoja ana alama zake.

Kicheche na nguchiro huweza kuua hata kuku mkubwa. Nyoka humeza yai zima, na kwa kawaida hutakuta ganda kiotani. Mwewe huja mchana. Panya huja usiku. Hubeba vifaranga na mayai mpaka shimoni kwake, au hula yai palepale na kuacha vipande vya ganda vilivyotafunwa. Kuku mkubwa kwa kawaida hamwui, lakini humng'ata miguu akiwa amelala. Kuku asiyelala vizuri hupunguza kutaga.

Tafuta alama hizi: mashimo kando ya ukuta, njia nyembamba zilizokanyagwa katika nyasi, mbao na magunia yaliyotafunwa, na alama nyeusi za mafuta ukutani, mahali ambapo panya hupita kila siku akijisugua. Tazama mavi pia. Mavi ya panya mkubwa huwa na urefu wa sentimita moja au zaidi. Ya kipanya kidogo cha nyumbani ni madogo kama punje ya mchele.

Kama bado una shaka, fanya jaribio hili. Jioni nyunyiza majivu membamba sakafuni, karibu na mlango na kando ya kuta. Asubuhi tazama kabla ya kuku kutoka. Nyayo ndogo na mstari wa mkia vitakuambia ni nani aliyekutembelea, na alipitia wapi.

HESABU YA HASARA

Wakulima wengi huhesabu vifaranga waliokufa tu. Hasara kubwa iko katika chakula, na hiyo haionekani kwa macho. Panya mkubwa hula karibu gramu 20 kwa siku. Basi tuhesabu panya 20, na hao si wengi katika boma lenye kuku na mahindi:

Kwa siku moja: gramu 400.
Kwa mwezi mmoja: kilo 12.
Kwa mwaka mmoja: kilo 146.

Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Maana yake, panya hao 20 wanakula zaidi ya gunia moja na nusu kila mwaka. Tena, wanachokiharibu kwa mkojo na mavi hatujakihesabu. Tazama kwa njia nyingine: kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kwa hiyo kulisha panya 20 ni sawa na kulisha kuku watatu na zaidi ambao hawatakupa yai hata moja. Hesabu mwenyewe kwa bei ya chakula cha kuku katika soko lako, ndipo utajua wanakugharimu nini.

Tena panya huzaana upesi sana. Panya wa shambani hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu na siku chache, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Watoto hao wenyewe huanza kuzaa baada ya miezi michache. Ndiyo sababu mkulima anayengoja mpaka aone panya mchana huwa amechelewa. Panya akitembea mchana, mara nyingi ni dalili kwamba wamekuwa wengi kupita kiasi.

HATUA YA KWANZA: ONDOA CHAKULA

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na haina gharama nyingi.

Pima chakula. Kuku 30 wa mayai wanaofungiwa watahitaji kilo tatu na nusu hivi kwa siku. Wape kwa sehemu mbili, asubuhi na alasiri, ili jua likizama kihori kiwe kitupu. Kuku hali chakula gizani. Akishapanda kwenye fito za kulalia amemaliza kazi ya siku. Chakula kinachobaki katika kihori usiku si cha kuku. Ni karamu ya panya.

Kila jioni ondoa vihori na vyombo vya maji. Fagia kilichomwagika. Ukiweza, ning'iniza kihori kwa waya, mdomo wake uwe sawa na mgongo wa kuku, wasikichakure chini. Panya huhitaji maji kama chakula, kwa hiyo chombo cha maji usikisahau.

Vifaranga wachanga wanaowekewa taa usiku wanahitaji kula hata usiku. Hao waweke katika sanduku lao maalumu, tutakalolieleza hapa chini.

Weka akiba ya chakula katika pipa la bati lenye kifuniko kinachobana. Gunia lililolazwa sakafuni haliwezi kumzuia panya hata usiku mmoja.

Okota mayai mara mbili kwa siku, adhuhuri na jioni. Yai lisilale kiotani.

Usipukuchue mahindi bandani, wala usitupe makombo ya jikoni karibu na banda jioni. Wape kuku makombo asubuhi, wayamalize.

HATUA YA PILI: ONDOA MAFICHO

Panya hapendi kuvuka uwanja mtupu, maana huko bundi, paka na mbwa humwona. Basi fyeka nyasi na vichaka kuzunguka banda, upana wa mita mbili au tatu, na pafagiliwe daima.

Rundo la kuni, mabua, magunzi au mabati makuukuu lililoegemezwa ukutani ni nyumba nzuri ya panya. Liondoe. Kuni zipangwe juu ya kichanja kilichoinuka ili uweze kuona chini yake, tena mbali na banda. Mabua yanayongojwa na ng'ombe yawekwe upande mwingine wa boma.

HATUA YA TATU: FUNGA NJIA

Banda lililo bora ni lile lililoinuliwa juu ya nguzo. Sakafu iwe mita moja kutoka ardhini. Kila nguzo ivishwe kinga ya bati laini, iliyokatwa kama faneli na kugeuzwa mdomo chini, kama zile za ghala la mahindi. Iwekwe juu, sentimita 75 au zaidi kutoka ardhini, kwa maana panya huruka. Akipanda nguzo hukutana na bati, na hawezi kulishika wala kulizunguka. Lakini kinga hiyo haina maana kama tawi la mti linagusa paa, au kama ngazi ya kuku imeachwa pale usiku. Ngazi iondolewe kila jioni baada ya kuku kuingia.

Kama banda lako liko chini, usivunjike moyo. Fanya hivi:

Ziba mashimo kwa mawe madogo na saruji. Udongo mtupu panya ataufukua tena usiku uleule.

Madirisha yafungwe kwa wavu wa waya mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 12. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa. Humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii panya asiingie.

Chini ya kuta chimba mtaro wa sentimita 30, shusha wavu huo mgumu ndani yake, kisha uukunje uelekee nje kwa sentimita 30 nyingine, na ufukie. Panya huanza kuchimba karibu na ukuta. Akikuta wavu hana akili ya kurudi nyuma na kuanza mbali.

Upande wa chini wa mlango upigiliwe bati, na nafasi kati ya mlango na kizingiti iwe ndogo hata kidole kidogo kisipite.

Wavu mgumu ni ghali, na si kila mtu ataweza kuzungushia banda lote mwaka huu. Basi anza na wale wanaouawa. Tengeneza sanduku la vifaranga lenye upana wa mita moja kila upande, lizungushie wavu huo pande zote, juu na chini. Kuku mwenye vifaranga alale humo mpaka watoto wawe wakubwa. Kipande kidogo cha wavu mahali panapofaa kitaokoa vifaranga wengi kuliko kipande kikubwa kilichowekwa nusunusu.

HATUA YA NNE: SASA UA

Tumeiweka hatua hii mwisho kwa makusudi. Panya aliyeshiba chakula cha kuku hatajali chambo chako. Lakini panya aliyekosa chakula usiku mbili tatu atakuja mtegoni.

Mitego. Mitego sita kwa usiku mmoja ni bora kuliko mtego mmoja kwa siku sita. Panya huogopa kitu kigeni. Kwa hiyo weka mitego yenye chambo bila kuifyatulia kwa usiku tatu, waizoee na kula. Usiku wa nne itege yote. Iwekwe kando ya ukuta, upande wenye chambo ukielekea ukutani, maana panya hupenda kutembea huku mwili wake ukigusa ukuta. Omena, njugu zilizopondwa au ugali uliopakwa mafuta ni chambo kizuri. Mtego usiwe mahali ambapo kuku atatia mguu.

Debe. Kama huna fedha za mitego, chukua debe, tia maji mpaka karibu nusu. Pitisha waya juu ya mdomo wake ukiwa umetoboa kopo tupu katikati, ili kopo lizunguke kwa urahisi. Lipake kopo chambo, na uegemeze kijiti cha kupandia. Panya akikanyaga kopo, litazunguka na kumwangusha majini. Lifunike mchana, mtoto au kifaranga asitumbukie.

Sumu. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Usidhani haifanyi kazi kwa kuwa hukuona maiti asubuhi ya kwanza. Ukitumia sumu shika kanuni hizi tano:

1. Nunua sumu iliyosajiliwa, katika pakiti yenye maandishi, kwa muuza dawa anayejulikana. Usinunue unga wa mkononi usio na jina. Usitumie kamwe dawa za kuulia wadudu shambani kuua panya. Zimeua watoto, mbwa na ndege.

2. Usiiweke ndani ya banda. Kuku hula sumu kama panya. Iweke nje, ndani ya sanduku lenye tundu dogo au kipande cha bomba, na sanduku lifungwe lisipinduke.

3. Tazama kila siku na uongeze iliyoliwa, mpaka uone hailiwi tena. Kisha ikusanye yote iliyobaki, uifungie.

4. Okota panya waliokufa kila asubuhi, maana kuku, paka, mbwa na bundi wakiwala wataweza kudhurika. Usiwashike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Wazike katika shimo refu ambalo mbwa hatalifukua.

5. Mtoto akila sumu, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Chukua pakiti pamoja nawe, ili daktari ajue ni sumu gani.

Paka naye husaidia, hasa kwa kuwazuia panya wapya. Lakini akiwakuta wamekwisha jaa hatawamaliza, na wengine hujifunza kula vifaranga. Bundi wengi hula panya kila usiku. Watu wengi kwetu humfukuza kwa kuogopa kisirani. Mkulima mwenye busara amwache bundi afanye kazi yake bila mshahara.

AFYA YA WATU

Panya haharibu mali tu. Hubeba vijidudu vya salmonela katika mavi yake, na vijidudu hivyo huingia katika chakula cha kuku na kuchafua mayai. Mkojo wake huweza kuleta ugonjwa wa leptospirosi, unaompata mtu kupitia kidonda au maji machafu. Viroboto vyake huweza kuleta tauni. Mwaka 1902 soko la Wahindi huko Nairobi lilichomwa moto kwa amri ya Serikali kwa sababu ya ugonjwa huo. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi ya bandani. Na ukiona panya wengi wamekufa ovyo, nawe hukutega sumu, wala jirani hakutega, usiwaguse. Peleka habari kwenye zahanati upesi.

PANYA HAJUI MPAKA

Katika mashamba ya makazi ya leo boma hadi boma si mbali. Ukisafisha kwako peke yako, panya watahamia kwa jirani, wazaane huko, warudi kwako msimu ujao. Panya hajui hati ya shamba.

Kwa hiyo zungumzeni katika kikundi chenu, katika ushirika, au katika baraza la chifu. Chagueni juma moja baada ya mavuno. Siku tatu za kwanza kila boma liondoe vyakula na kufyeka. Kisha usiku mmoja, kila boma litege. Mwiteni afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yenu awaonyeshe namna ya kutengeneza kinga za bati. Fundi mmoja akijua, atatengenezea kijiji kizima.

Turudi kwa mama yetu wa Lugari. Hakukosea kwa kununua sumu. Alikosea kwa kuanza na sumu na kuishia hapo. Akiondoa kihori jioni, akanunua pipa moja, akajenga sanduku la vifaranga, na akakubaliana na jirani zake, atakapotia tena vifaranga 12 bandani ana haki ya kutumaini kuwakuta 12 asubuhi.

KAZI YA MWEZI HUU

Juma la kwanza: nyunyiza majivu, ujue njia za panya. Anza kuondoa chakula na maji kila jioni.
Juma la pili: fyeka, ondoa marundo, nunua au tafuta pipa lenye kifuniko.
Juma la tatu: weka mitego bila kuifyatulia, kisha itege. Tega pamoja na jirani.
Juma la nne: ziba mashimo, funga wavu, piga bati mlangoni. Kisha nyunyiza majivu tena, ulinganishe nyayo na zile za juma la kwanza.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Ni vitu gani vitatu vinavyomleta panya bandani?
2. Panya 30 watakula kilo ngapi za chakula kwa mwezi mmoja?
3. Kwa nini wavu wa kawaida wa kuku haumzuii panya?
4. Kwa nini tunaweka mitego usiku tatu bila kuifyatulia?
5. Kwa nini sumu isiwekwe kabla ya kuondoa chakula?

Majibu yote yamo katika somo hili. Wasomee watoto maswali haya jioni, nao wakupe majibu. Mtoto anayejua sababu ya kuondoa kihori hatasahau kukiondoa siku ambayo hupo nyumbani.